Mwimbaji na Mtunzi: Uhakiki wa Sanaa ya Ruth Brown

Katika elimu ya fasihi yetu tumezoea kumtukuza mtunzi na kumsahau mwimbaji. Shairi likitajwa, swali la kwanza ni nani aliyelitunga. Jina la aliyelighani mbele za watu, hata ikiwa ni yeye aliyelifanya lipendwe, hutajwa mwisho au halitajwi kabisa. Desturi hii ina asili yake katika heshima tuliyo nayo kwa maandishi, kwa kuwa neno lililoandikwa hukaa, na sauti hupita pamoja na upepo. Walakini tangu santuri ilipobuniwa sauti nayo imepata makazi, na swali la zamani limetujia kwa sura mpya. Je, mtu aliyeimba maneno ya wengine kwa mahadhi ya wengine ana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waumbaji wa sanaa? Au ni chombo tu, ambacho mtunzi alipuliza pumzi yake ndani yake kama mpigaji apulizavyo zumari?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kumchunguza mwimbaji mmoja wa Marekani, Ruth Brown, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2006. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nyimbo zilizompa jina zilitungwa na watu wengine, kwa hiyo lolote tutakalolikuta ndani yake lisilokuwamo katika maneno wala katika mahadhi yaliyoandikwa, halina budi kuwa mali yake mwenyewe. Ya pili ni kwamba swali hili kwake halikuishia katika mabishano ya wataalamu. Lilihusu chakula cha watoto wake na kodi ya nyumba aliyoishi.

Yafaa kwanza kueleza jina la muziki wenyewe. Hata kufikia mwaka 1949 jarida la biashara ya muziki liitwalo Billboard liliziorodhesha santuri za Wamarekani weusi chini ya kichwa kilichotaja mbari yao. Mwezi wa Juni mwaka ule kichwa hicho kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa jina la ridhimu na bluzi, lililopendekezwa na Jerry Wexler, ambaye wakati ule alikuwa mwandishi wa jarida hilo. Wataalamu wa lugha watatambua hapa jambo wanalolijua vema. Kubadilisha jina hakukibadilishi kitu siku ile ile, bali huanza kuyabadilisha masikio ya wenye kukitaja. Jina la kwanza liliwataja watu, na likatosha kumwambia mnunuzi mlango gani wa duka aingie. Jina la pili liliutaja muziki, na likaueleza kwa haki, kwa maana ndani yake mna mambo mawili yanayovutana.

Bluzi ni wimbo wa majonzi uliokulia kwa Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini. Ubeti wake uliozoeleka una mishororo mitatu. Wa pili huurudia wa kwanza, na wa tatu huujibu. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuona kituo kikirejea mwishoni mwa kila ubeti, hatashangazwa na marudio hayo. Atajua kwamba neno likirudiwa halibaki vile lilivyokuwa, kwa sababu msikilizaji wa mara ya pili si yule wa mara ya kwanza. Ridhimu, kwa upande wake, ni mwendo wa ngoma wa mijini, uliotokana na bendi za jazi na kumbi za kuchezea: ngoma, piano, gita na saksafoni zikisukumana ili miguu isitulie. Maneno yanalia na mapigo yanacheza. Mwimbaji asiye hodari atachagua upande mmoja na kuusaliti wa pili. Ubora wa Ruth Brown ni kwamba alisimama pale pale pande hizo mbili zinapokutana, akaitumikia kila moja kwa haki yake.

Ruth Alston Weston, kama alivyoitwa kwa jina la kuzaliwa, alizaliwa Portsmouth, mji wa bandari katika jimbo la Virginia, tarehe 12 Januari 1928. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, na siku ya Jumapili aliiongoza kwaya ya kanisa. Wakati wa kiangazi watoto walipelekwa kwa bibi yao katika jimbo la North Carolina, wakachuma pamba. Hivyo sauti ya binti huyu ililelewa mahali pawili: kanisani, ambako wimbo ni sala, na shambani, ambako wimbo ni mwenzi wa kazi. Nyimbo za dunia alizisikiliza kwa kujificha, kwa kuwa baba yake hakuzipenda. Miongoni mwa aliowafuata ni Billie Holiday na Dinah Washington. Mwaka 1945 alitoroka nyumbani pamoja na mpiga tarumbeta aitwaye Jimmy Brown, na jina la mtu huyo likabaki kuwa jina lake la kazi hata ndoa ilipokwisha.

Njia yake haikuwa nyofu. Alichukuliwa na bendi ya Lucky Millinder, akafukuzwa baada ya muda mfupi mjini Washington, mbali na kwao na bila nauli. Aliyemwokoa ni mwanamke, Blanche Calloway, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa amethubutu kuongoza bendi ya wanaume chini ya jina lake mwenyewe. Bibi huyo alimpatia kazi ya kuimba katika klabu, akawa msimamizi wake. Hapo ndipo Willis Conover, mtangazaji wa redio, alipomsikia na kuipasha habari kampuni changa ya santuri ya Atlantic, iliyoanzishwa mjini New York mwaka 1947 na Ahmet Ertegun, mwana wa balozi wa Uturuki, pamoja na Herb Abramson. Mwezi wa Oktoba mwaka 1948, alipokuwa njiani kwenda New York, motokaa ilipata ajali, na miguu yake ikaumia vibaya. Alilazwa miezi mingi hospitalini katika mji wa Chester, Pennsylvania. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba Ertegun alimjia kitandani na mkataba, na pamoja na mkataba akamletea kitabu cha kujifunzia kusoma muziki ulioandikwa, maana Ruth hakujua kuusoma. Jambo hili la mwisho lina maana kwa uchunguzi wetu. Kile alichokitia katika nyimbo hakikutoka katika karatasi, kwa kuwa karatasi hakuisoma.

Tarehe 25 Mei 1949 aliingia studio akitegemea magongo, akaimba wimbo wa polepole uitwao So Long, ambao wengine walikwisha kuuimba kabla yake. Santuri hiyo yastahili kusikilizwa na kila mwenye kutaka kumfahamu, kwa sababu inaonyesha alivyokuwa kabla hajavaa vazi alilojulikana nalo. Matamshi yake ni safi. Kila silabi imepewa nafasi yake, na neno la mwisho la kila mshororo huja likiwa limechelewa kidogo nyuma ya mapigo, kama mtu anayeaga na bado hajataka kuondoka. Hiyo ni kanuni aliyojifunza kwa Billie Holiday. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi ya mwanafunzi mwema. Lau angeendelea hivyo, angekuwa mmoja wa waimbaji wengi wa nyimbo za huzuni wenye sauti ya kupendeza, na mwenyewe ndivyo alivyotaka kuwa.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1950, alipopewa wimbo wa Rudy Toombs uitwao Teardrops from My Eyes. Maneno yake ni ya kilio. Mvua inanyesha, na kila inyeshapo, mwenye kuimba humkumbuka aliyemwacha. Mahadhi yake, kinyume cha maneno, ni ya mwendo wa haraka, nayo yafaa kuchezwa. Ruth alipendelea nyimbo za taratibu, na kwa wimbo huu ilibidi ashawishiwe. Matokeo yake ni kwamba santuri hiyo ilikaa katika nafasi ya kwanza ya orodha ya ridhimu na bluzi kwa majuma 11. Baada yake zikafuata nyingine nne zilizofika nafasi hiyo hiyo: 5-10-15 Hours mwaka 1952, (Mama) He Treats Your Daughter Mean mwaka 1953, kisha Oh What a Dream na Mambo Baby mwaka 1954. Kampuni iliyokuwa ndogo ikawa kubwa, na wenye biashara ya muziki wakaiita nyumba iliyojengwa na Ruth. Msemo huo uliazimwa kutoka katika mchezo wa besiboli, ambapo uwanja wa Yankee mjini New York ulikuwa umepewa sifa hiyo hiyo kwa heshima ya mchezaji Babe Ruth.

Ni kitu gani kilichotokea katika santuri ya mwaka 1950? Watu wengi wameeleza kwamba Ruth Brown alikuwa na alama yake ya pekee, yaani mlio mwembamba unaomponyoka mwishoni mwa neno. Mimi napenda kuuita mlio huo kwa jina ambalo Kiswahili kinalo tayari, nalo ni kwikwi. Pumzi ya mshororo inapokaribia kwisha, sauti iliyokuwa nzito na imara hupanda kwa ghafla, hukatika, na ule mkatiko ndio unaosikika. Msikilizaji wa haraka atadhani ni pambo. Nikiusikiliza kwa makini naona kwamba unafanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni ya umbo. Kwikwi hutokea mwishoni mwa neno, tena neno lenye uzito, na kwa hiyo hutenda kile ambacho kina hutenda katika shairi: huliambia sikio kwamba hapa ndipo mshororo ulipotia nanga. Maneno ya nyimbo hizi mara nyingi ni mepesi, na vina vyake ni vya kawaida mno. Mwimbaji ameongeza kina cha pili kisichoandikika, na kwa kina hicho ubeti mlegevu umekazika. Kazi ya pili ni ya mapigo. Mkatiko wa sauti ni pigo, kama kofi la ngoma, na kwa njia hiyo mwimbaji huingia katika safu ya wapigaji bila kuacha kuwa msemaji wa maneno. Kazi ya tatu, iliyo kubwa kuliko hizo, ni ya maana. Mtu aliaye hukatika sauti, na mtu achekaye sana hukatika sauti vile vile. Mlio ni mmoja, na sababu ni mbili. Kwa mlio huo Ruth Brown aliweza kuwa mwaminifu kwa maneno yaliayo na kwa mapigo yachezayo katika nukta moja ya wakati. Mgongano kati ya bluzi na ridhimu, ambao mtunzi aliuacha wazi, yeye aliutatua kooni.

Jambo hili halikuandikwa na Rudy Toombs. Halikuandikwa na yeyote. Na kwamba lilikuwa uvumbuzi, wala si ajali ya koo, kunathibitishwa na walioliiga. Little Richard, ambaye miito yake ya juu ilikuja kuwa alama ya muziki wa roki ulimwenguni, alikiri waziwazi kwamba namna yake ya kuumalizia mwisho wa neno aliichukua kwa Ruth Brown. Chombo hakiigwi hivyo. Kinachoigwa ni mtindo, na mtindo una mwenyewe.

Nageuka sasa kwenye wimbo wa mwaka 1953, uliotungwa na Johnny Wallace na Herb Lance, kwa kuwa unatufundisha jambo jingine. Unaanza kwa tari, na mlio wa tari hukumbusha kanisa. Baada ya hapo binti anamlalamikia mama yake juu ya mwanamume anayemtesa. Angaliwe namna ya msemo. Hasemi kwamba anatesa “mimi”; asema kwamba anatesa “binti yako”. Waswahili tunaijua balagha hii na tunaitumia kila siku. Mtoto mwenye shida akimwambia mzazi wake, “mwanao taabani,” amefanya zaidi ya kutoa habari, kwani amemkumbusha msikilizaji undugu, na kwa undugu huo amemtwika sehemu ya mzigo. Maneno yenyewe yana nguvu hiyo tangu yalipotungwa. Lakini nguvu hiyo inahitaji mtu wa kuisimamia. Ruth Brown alilitamka neno la kumwita mama kwa namna ya mtu anayesimama mlangoni, na kila liliporudi alilibadilisha: kwanza ni malalamiko, kisha ni ombi, kisha ni karibu na shtaka. Anayeusikiliza wimbo hadi mwisho amesikia hadithi ambayo msomaji wa karatasi hataiona, maana kwenye karatasi neno ni lile lile.

Yapasa hapa kutaja jambo la lugha. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha mtendaji. Tukisema “ananitesa”, hatujui mtesaji ni mume au mke mpaka tumwone au tumsikie anayesema. Kiingereza hutaja jinsi ya mtendaji kwa neno. Kwa sababu hiyo mtu aliyekulia katika Kiswahili amezoea, pengine kuliko mwenye Kiingereza, kuitazamia sauti imjulishe ni nani anenaye, na kwa cheo gani. Kwetu sisi mwenye sauti ni sehemu ya maana ya sentensi. Naona kwamba mazoea haya hutupa sikio jema la kumhukumia mwimbaji kama Ruth Brown.

Uhakiki usiokuwa na lawama ni sifa tupu, na sifa tupu haimfai hata anayesifiwa. Kazi za Ruth Brown za mwishoni mwa miaka ya 1950 haziko sawa na za mwanzo. Mwaka 1957 aliimba Lucky Lips, wimbo wa Jerry Leiber na Mike Stoller, watunzi hodari ambao kwa wengine walifanya makubwa. Santuri hiyo ilivuka mpaka, ikaingia katika orodha ya jumla iliyosomwa na vijana wa kizungu, na kwa biashara ilikuwa ushindi. Kwa sanaa siioni hivyo. Wimbo ni wa kitoto, na mwanamke mwenye umri wa miaka 29, aliyekwisha kuzika mengi moyoni, amevikwa gauni la msichana wa miaka 15. Kwikwi ingalipo, lakini sasa ni pambo tu, kwa sababu maneno hayana huzuni ya kukutana na mapigo. Kitu kikiondolewa kazi yake, hubaki mazoea. Mwenyewe hakuupenda wimbo huo, na ninadhani sikio lake lilihukumu sawa. Kosa hili ni ushahidi pia. Linaonyesha kwamba mwimbaji hawezi kuumba kutoka katika utupu. Anahitaji maneno yenye mvutano ndani yake, hata yakiwa mepesi. Mtunzi humpa kamba mbili, na yeye hufunga fundo. Akipewa kamba moja, hana la kufunga.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba ubora wa santuri zile ulikuwa wa kampuni, wapigaji na wapangaji wa muziki, na kwamba mwimbaji yeyote mwenye koo zuri angefaulu. Historia imetufanyia jaribio la hoja hiyo. Katika miaka ile ilikuwa desturi kwamba wimbo uliopendwa kwa sauti ya mwimbaji mweusi ulirekodiwa upesi na mwimbaji wa kizungu, ili uuzwe kwa wale ambao redio zao hazikumpiga yule wa kwanza. Oh What a Dream, uliotungwa na Chuck Willis, ulirekodiwa na Patti Page mwaka ule ule wa 1954. Patti Page alikuwa mwimbaji mwenye ustadi, wala sina neno la kumdharau. Maneno hayakubadilika kiasi cha kutajwa, na mahadhi ni yale yale. Lakini ndoto iliyokuwa ya mtu mwenye njaa imekuwa ndoto ya mtu aliyeshiba. LaVern Baker, dada wa kazi wa Ruth Brown katika kampuni hiyo hiyo, aliona wimbo wake Tweedle Dee ukinakiliwa na Georgia Gibbs mwaka 1955 karibu pigo kwa pigo, akamwandikia mjumbe wa Bunge la Marekani, Charles Diggs, kutaka sheria izuie jambo hilo. Naye Willie Mae Thornton, aliyejulikana kwa jina la Big Mama, aliimba Hound Dog katika mwaka 1952, wimbo ambao ndani yake mwanamke anamfukuza mwanamume mlafi, kwa fumbo la mbwa. Ulipofika kinywani mwa Elvis Presley mwaka 1956, baada ya maneno yake kugeuzwa na wengine, fumbo lilikuwa limekwisha kufa, na mbwa amekuwa mbwa. Mifano hii yaonyesha kwamba katika wimbo msemaji akibadilika, maana nayo hubadilika. Ikiwa ni hivyo, aliyetoa sauti ya kwanza ametoa sehemu ya maana, na aliyetoa sehemu ya maana ni mtunzi kwa kadiri ya sehemu hiyo.

Sheria haikukubali hivyo. Nchini Marekani santuri ipigwapo katika redio ya kawaida ya hewani, mwenye haki ya maneno na mahadhi hulipwa, na mwimbaji halipwi kitu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1950, na ndivyo ilivyo hata sasa. Mwimbaji alibaki na mrabaha wa santuri zilizouzwa, na mrabaha huo ulipunguzwa na mkataba wenyewe, kwa kuwa gharama za studio na malipo ya wapigaji zilihesabiwa kuwa deni lake. Basi iliwezekana mtu ajenge nyumba ya wengine kwa sauti yake, na vitabu vya hesabu vimwonyeshe kuwa ni mdaiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mapenzi ya watu yaligeukia nyimbo za namna nyingine, na Ruth Brown aliiacha kampuni ya Atlantic. Aliishi Long Island pamoja na wanawe wawili, akafanya kazi za nyumba za watu, akaendesha basi la shule. Kazi hizo si aibu. Aibu ni ya utaratibu uliomhesabu kama kibarua aliyekwisha kulipwa ujira wake wa siku.

Alirudi jukwaani katikati ya miaka ya 1970, akitiwa moyo na mchekeshaji Redd Foxx. Katika miaka ya 1980 alikutana na wakili Howell Begle, ambaye tangu utoto alizipenda santuri zake, na wakili huyo alishangaa kusikia kwamba mwimbaji hapati mrabaha. Madai waliyoyaanza yalichukua miaka. Mwaka 1988 kampuni ilikubali kufuta madeni ya zamani na kulipa mirabaha ya nyuma, wala si kwake peke yake, bali pia kwa wasanii wengine wengi wa enzi yake. Mwaka huo huo fedha za kampuni zilisaidia kuanzisha mfuko wa Rhythm and Blues Foundation, wa kuwafaa waimbaji wakongwe wenye shida. Kwa maoni yangu tendo hili ni la kuhesabiwa pamoja na sanaa yake, kwa maana ni dai lile lile kwa lugha nyingine. Katika nyimbo alidai kwamba sauti ina kitu cha kusema kisichoandikwa, na mbele ya wanasheria alidai kwamba kitu hicho kina mwenyewe.

Kazi zake za uzeeni zathibitisha haya kwa njia ya pekee. Sauti ilikuwa imeshuka na kukwaruza, na ile kwikwi nyembamba haikuja tena kwa wepesi. Aliigiza katika sinema ya Hairspray mwaka 1988, na mwaka 1989 akapata tuzo ya Tony kwa ajili ya mchezo wa Black and Blue uliochezwa Broadway. Mwaka 1990 akapewa tuzo ya Grammy kwa santuri ya Blues on Broadway, na mwaka 1993 akaingizwa katika Jumba la Heshima la Roki. Katika rekodi hizi za mwisho mzaha umeongezeka, na maneno mengi yanasemwa kuliko kuimbwa. Walakini mahali pa kutia nanga ni pale pale, mwishoni mwa neno, na pale palipokuwa na mkatiko wa sauti sasa pana mkatiko wa kimya. Chombo kilikuwa kimechakaa, na ufundi haukuchakaa. Kama angekuwa chombo tu, vingechakaa pamoja. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha maisha yake, Miss Rhythm, kwa jina la sifa alilopewa tangu ujana. Alifariki Nevada tarehe 17 Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 78.

Jibu la swali letu basi ni hili. Mwimbaji hachukui nafasi ya mtunzi, na kosa la Lucky Lips latuonya tusivuke mpaka huo. Lakini wimbo uliokamilika una watunzi wawili, mmoja wa kalamu na mmoja wa koo, na santuri ndiyo hati ya huyu wa pili. Kutokana na hayo latokea jambo la kutenda kwa sisi tunaokusanya na kuhifadhi nyimbo za lugha hii. Mara nyingi tumeandika maneno ya wimbo, tukataja mtunzi, bahari na idadi ya mizani, na mahali pa mwimbaji tukaweka jina la kijiji au hatukuweka kitu. Kuanzia sasa yafaa kila wimbo unaonakiliwa katika daftari au kanda uwe na jina la aliyeuimba siku ile, pamoja na maelezo ya mahali alipovuta neno, alipolikata, na alipolirudia kwa sauti nyingine. Bila maelezo hayo tutakuwa tumehifadhi nusu ya utungo, na mwenye nusu ya pili tutakuwa tumemwacha nje ya hesabu, kama alivyoachwa Ruth Brown.